Kunyanyua Vyuma kwa Vijana Wanaokua: Lililo Salama na Lililo Hatari

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kijana wa miaka 14 anapoanza kunyanyua vyuma, swali la kwanza la mzazi huwa moja: je, hatadumaa? Hofu hiyo imeenea katika mitaa mingi ya Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Kariakoo na Gerezani hadi Ilala na Jangwani. Wataalamu wa afya ya watoto wanajibu kwamba mazoezi ya kunyanyua uzito, yakifuata utaratibu na kusimamiwa na mtu mwenye ujuzi, hayazuii kijana kurefuka. Kinachodhuru ni uzito uliopita kiasi, usimamizi hafifu na, zaidi ya yote, mzigo wa kazi ambao kijana hana hiari ya kuutua.

Tofauti hiyo ina maana ya pekee Kariakoo. Jina la eneo hilo lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza waliopiga kambi hapo baada ya Waingereza kuuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zaidi ya karne moja baadaye, mabega na vichwa vya watu vingali vikihamisha bidhaa kutoka kwenye malori hadi madukani, sambamba na mikokoteni na maguta. Katika mitaa hiyo hiyo wamo vijana wanaonyanyua vyuma jioni kwa ajili ya mazoezi, na wamo wanaobeba mizigo mchana kutwa kwa ajili ya ujira. Makundi haya mawili hayakabiliwi na hatari inayolingana.

Mfupa wa kijana unavyokua

Karibu na ncha za mifupa mirefu, kama ile ya mapaja na mikono, mtoto ana tabaka la gegedu ambako mfupa hurefukia. Tabaka hilo ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Mwishoni mwa balehe hugeuka kuwa mfupa mgumu na kimo hukoma kuongezeka. Kwa kawaida wasichana hufikia hatua hiyo mapema kuliko wavulana. Likivunjika kabla ya wakati wake na lisitibiwe ipasavyo, kiungo kinaweza kukua kikiwa kifupi au kimepinda.

Hata hivyo, gegedu hilo haliumizwi na kila uzito. Kijana anayekimbia, kuruka au kucheza kandanda huitwisha mifupa yake nguvu kubwa kila anapotua chini. Nguvu ya kiasi, inayoongezwa taratibu na kufuatiwa na mapumziko, huufanya mfupa uwe imara zaidi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 waushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku tatu kwa wiki wafanye mazoezi yanayoimarisha misuli na mifupa. Ushauri huo unawahusu wasichana sawasawa na wavulana.

Chimbuko la hofu

Miongoni mwa maandiko yanayotajwa kuwa chanzo cha hofu ya kudumaa ni taarifa ya watafiti wa Japani ya mwaka 1964, iliyohusu watoto wa maeneo ya pembezoni mwa nchi hiyo waliokuwa wafupi kuliko wenzao. Watoto hao hawakuwa wanamichezo. Walikuwa wakifanya kazi nzito, ikiwemo kubeba mizigo, katika mazingira ya dhiki. Kwa miaka mingi matokeo hayo yalihamishiwa kwenye kumbi za mazoezi, ilhali yalizungumzia utumikishaji wa watoto.

Uchunguzi wa baadaye, uliofuatilia vijana waliofundishwa kunyanyua uzito chini ya usimamizi, haukuonesha kwamba kimo chao kiliathirika. Jumuiya ya Madaktari wa Watoto ya Marekani ilisisitiza hilo tena katika taarifa yake ya mwaka 2020. Aidha, utafiti uliochapishwa nchini humo mwaka 2009 kuhusu majeruhi waliofikishwa hospitalini ulibaini kuwa takriban theluthi mbili ya majeraha ya watoto wa miaka 8 hadi 13 yalikuwa ya mikono na miguu, na mengi yalitokana na vyuma kuwaangukia au kuwabana vidole. Hizo ni ajali ambazo jicho la msimamizi linaweza kuzizuia.

Utaratibu ulio salama

Kijana yuko tayari kuanza anapoweza kusikiliza maelekezo na kuyatii, na kuusimamisha mwili wake bila kuyumba. Hatua ya kwanza ni kuutumia mwili wenyewe: kupiga pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, na kupanda ngazi. Mazoezi hayo hayahitaji kifaa chochote na yanaweza kufanyika nyumbani, shuleni au katika viwanja vya wazi kama Mnazi Mmoja.

Akishaimudu namna sahihi ya kufanya kila zoezi, anaweza kuongezewa uzito mdogo. Kipimo kinachoshauriwa ni uzito anaoweza kuunyanyua mara 8 hadi 15 mfululizo bila kupinda mgongo wala kubana pumzi. Anapofikisha mara 15 kwa wepesi, uzito huongezwa kidogo tu, usiozidi asilimia 10. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, zikiachana kwa angalau siku moja ya kupumzika, na kila kipindi kianze kwa dakika 10 hadi 15 za kupasha mwili moto. Mashindano ya kupimana nani ananyanyua zaidi hayafai kwa mwili ambao haujakomaa.

Wazazi watambue pia kuwa kabla ya balehe nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamuru misuli vizuri zaidi, na si kwa misuli kutuna. Mtoto wa miaka 12 ambaye misuli yake haijatuna hana upungufu wowote, na kumwongezea uzito ili itune haraka ni kumtafutia madhara.

Katika baadhi ya mitaa vijana hutengeneza vyuma vyao kwa kujaza zege kwenye makopo na kuyaunganisha kwa bomba. Ubunifu huo una kasoro zake: uzito wa pande mbili huenda usilingane, na zege linaweza kuchomoka kijana akiwa amelala chali. Vifaa vya namna hiyo vipimwe kwenye mizani, vikaguliwe kila mara na kamwe visitumiwe na kijana aliye peke yake.

Kijana mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la juu la damu lisilodhibitiwa au kifafa apate kwanza ushauri wa daktari. Dawa za kukuza misuli zenye homoni ni mwiko. Kwa kijana anayekua, homoni hizo zinaweza kuyafunga magegedu ya ukuaji kabla ya wakati na kumwachia ufupi wa kudumu, yaani madhara yale yale ambayo vyuma husingiziwa. Maharage, dagaa, mayai, maziwa na usingizi wa saa 8 hadi 10 vinamtosha.

Mzigo wa sokoni na sheria

Mazoezini kijana huchagua uzito, huutua akichoka na hupumzika kesho yake. Mpagazi hana nafasi hiyo. Mzigo hupangwa na mwenye mali, safari hurudiwa tangu alfajiri, na ujira hutegemea idadi ya mizigo iliyofika. Mfuko wa saruji una kilo 50, uzito unaoweza kulingana na wa kijana mwenyewe anayeubeba.

Pendekezo Namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa kiwango cha juu cha mzigo unaobebwa kwa mikono na mwanamume mzima, na Mkataba Namba 127 wa mwaka huo unataka mzigo wa mfanyakazi mwenye umri chini ya miaka 18 uwe mdogo kwa kiasi kikubwa kuliko huo. Kwa kulinganisha, kanuni za vipimo nchini zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lumbesa hupita hapo. Hivyo hata gunia lililofungashwa kihalali si mzigo wa mtu mmoja, sembuse mtoto.

Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, mradi isiathiri afya wala masomo yake. Sheria hiyo inakataza kumwajiri mtoto katika kazi za hatari, na ubebaji wa mizigo mizito umetajwa humo waziwazi. Inakataza pia kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mfanyabiashara anayempa mtoto mzigo wa kubeba hawezi kujitetea kwa hoja kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba kazi.

Dalili za kuzingatia

Maumivu ya misuli yanayoisha ndani ya siku mbili au tatu ni ya kawaida kwa anayeanza mazoezi. Maumivu makali ya ghafla, uvimbe karibu na kiungo, ganzi, kuchechemea au maumivu ya mgongo yasiyokoma yanahitaji uchunguzi. Mzazi ampeleke kijana katika kituo cha afya kilicho karibu bila kumkanda wala kumfunga kienyeji. Majeraha yanayohitaji ubingwa hupewa rufaa, ikiwemo kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

Mwananchi anayeona mtoto akibebeshwa mizigo mizito anaweza kutoa taarifa kwa ofisi ya Serikali ya Mtaa, Afisa Ustawi wa Jamii, Kituo cha Polisi au kupiga simu bila malipo namba 116, ambayo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto.