Kwa nini mzazi wako hataki uwe seremala

Nilipoacha chuo kikuu na kusema nataka kusomea useremala, mamangu alilia. Nilidhani anaogopa tu majirani watasema nini. Kumbe hiyo aibu ni ya zamani.

Mwaka wa 1924 serikali ya kikoloni ilianzisha chuo Kabete cha kufunza Waafrika kazi za mikono kama useremala na uashi. Ufundi ulikuwa wetu, vyeo vya ofisini vya Wazungu. Kwa hivyo uhuru ulipokuja 1963, mzazi aliyelipa karo alitaka mtoto aachane na randa, akae ofisini. Hata 8-4-4 ilipoleta masomo ya ufundi 1985, bado ofisi ndiyo iliheshimiwa.

Sasa mniskize. Randa haikuwa na makosa. Kosa lilikuwa kumpangia mtu kazi kwa rangi ya ngozi yake. Chuo cha Kabete bado kipo, leo ni politekniki ya kitaifa, na anayeingia huko amechagua mwenyewe.

Nilimwambia mama hivyo. Akanyamaza, halafu akauliza: "Na kabati langu la jikoni utalitengeneza lini?"