Wapima Kumbukumbu wa Hai

Hapa kwetu Nanganga ndipo njia inapogawanyika: wengine wanaendelea Masasi, wengine wanakata kwenda Ruangwa na Nachingwea. Bibi yangu, kama mabibi wengine, alizoea kuniita "mume wangu". Utani tu. Siku moja akaniita hivyo bila kucheka, akauliza, "Mume wangu, treni imeshaingia? Mshahara umetoka?"

Babu alikuwa kibarua wa reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947. Karanga zilishindikana, reli ikafungwa 1962, na babu tulishamzika zamani.

Majirani wakasema bibi karogwa. Baadaye wakanong'ona kwamba mwanga ni yeye mwenyewe. Kwenye zahanati moja tukaambiwa, "Huo uzee tu." Basi, mimi niliyeishia kidato cha nne nikaanza kutafuta vitabu na makala.

Nikakuta kwamba mwaka 1901, mjini Frankfurt, daktari Alois Alzheimer alikaa na mama mmoja, Auguste Deter, akimwuliza maswali na kuandika kila jibu. Mama yule alikufa 1906, Alzheimer akauchunguza ubongo wake kwa hadubini na kuona uharibifu. Kumbe ni ugonjwa. Uzee peke yake haumfanyi mtu hivyo, wala si uchawi.

Lakini Frankfurt ni mbali. Kilichonifurahisha zaidi kiko Hai, Kilimanjaro. Kuanzia 1992 kulikuwa na mradi wa afya uliotuma wahesabu watu nyumba kwa nyumba, wakiandika nani kazaliwa na nani kafa. Kazi ya daftari na miguu! Bila wao watafiti waliofuata wasingejua wazee wako wapi. Mwaka 2010 timu ya Watanzania na Waingereza, wakiwemo Stella-Maria Paddick na Richard Walker, iliwapima watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi katika vijiji sita. Walipopiga hesabu, waliona kwamba katika kila wazee 100, kama sita hivi wana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu.

Shida yao ilikuwa hii: vipimo vya Ulaya vinamtaka mzee asome na aandike. Je, bibi asiyeingia darasani atahesabiwa mgonjwa kwa kuwa hajui kalamu? Hapana. Mwaka 2014 wakatoa kipimo kingine. Mzee anaulizwa leo siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anakumbuka maneno kumi. Pia anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Hata nesi wa kijijini anaweza kuuliza hayo. Baadaye, hukohuko Hai, wagonjwa waliwekwa kwenye vikundi vidogo, wakakutana mara 14 kwa wiki 7, wakizungumza na kufanya kazi za kuchangamsha akili, na hali zao zikapata nafuu. Kuponya hakuponyi, lakini mtu anabaki mtu.

Hebu fikiria: walioandika historia hii ni watu waliokaa kwenye vigoda uani, wakimsubiri mzee atafute neno. Sisi wajukuu hatusubiri. Tunamkatiza.

Nilimsimulia mjumbe wetu haya yote. Alinyamaza, kisha akaenda kwa majirani nyumba kwa nyumba. Minong'ono imepungua, ingawa haijaisha.

Jioni moja nikampa bibi njiti za kiberiti. Si kumpima, mimi si daktari. Akazitazama, akaniuliza, "Mume wangu, hujala?" Akainuka kuwasha moto.

Siku hizi nakaa naye jikoni na daftari. Akiulizia treni, simkatalii tena. Namwuliza imebeba nini, naye ananieleza, nami naandika.