Mtoto Aliyekula kwa Kadi ya Baba Yake

Saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikilia, lango la shule ya msingi mjini Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, hugeuka soko. Akina mama wameshatandika beseni zao ukutani: bitumbula (maandazi) vya moto, karanga za kukaanga zilizofungwa katika vipande vya plastiki, chupa za munkoyo, kinywaji cha mahindi. Mwenye noti ya faranga hununua, na asiye nayo hukaa karibu na rafiki aliyenunua, akitumaini kumegewa. Wako pia wanaobaki darasani wakijifanya wanamalizia kuandika. Hao hawakula asubuhi, na nyumbani chungu hakiinjikwi mpaka mama arudi kutoka mpakani.

Hatua chache kutoka hapo, malori yaliyobeba shaba na kobalti yamepanga foleni kuelekea Zambia. Yanayotoka huko yanaleta unga. Bukari, yaani ugali, ambayo mtoto wa namna hiyo ataikuta jioni yaelekea imesagwa upande wa pili, kwa maana Katanga ya kusini imelishwa kutoka kusini kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa muda mrefu wa miaka hiyo, mkoa huu ulikuwa miongoni mwa mahali pachache Afrika ya Kati ambapo lishe ya mtoto ilipimwa kwa mizani, ikaandikwa daftarini na kugawiwa kwa zamu. Aliyeipima ni kampuni.

Kampuni hiyo, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuri la kuyeyushia shaba likawashwa. Mji ukazaliwa kabla ya shamba. Nchi iliyouzunguka ilikuwa na watu wachache na udongo usio na rutuba nyingi, na maelfu ya wanaume walioletwa kuchimba hawakuwa na wa kuwalimia. Basi mahindi na nyama vikafuata reli ileile kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ambako hata wafanyakazi wengi waliandikishwa. Katika kambi za mwanzo watu walikufa kwa nimonia, kuhara na homa ya matumbo, na wengine waliota vidonda vya fizi kwa kukosa vitamini C. Amri ya mkataba wa kazi ya tarehe 16 Machi 1922 ilimlazimisha mwajiri kumlisha anayemwajiri. Hapo neno posho likakita mizizi: unga, maharage, karanga, mafuta ya mawese, chumvi, nyama au samaki mkavu, vyote kwa kipimo, kila wiki.

Posho hiyo ilikuwa ya mwanamume peke yake. Mtoto aliingia katika hesabu baadaye, na aliingizwa kwa sababu za kibiashara.

Kuandikisha watu wa mbali kwa miezi michache kisha kuwarudisha kulikuwa ghali, na wengi walikimbia. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 kampuni ikabadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, nyumba za familia, mke na watoto kambini. Kiongozi wa mpango huu alikuwa daktari Mbelgiji, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1931 alichapisha taarifa kuhusu kazi ya kuwalinda watoto weusi katika kambi za Union Minière. Hesabu yake haikujificha. Mtoto wa mchimbaji aliyezaliwa kambini, akanyonya vizuri, akala vizuri na kusomeshwa na wamisionari Wabenedikto, angekuwa mfanyakazi wa kesho asiyehitaji kutafutwa Kasai wala Ruanda-Urundi. Ukitaka kikosi cha miaka ishirini ijayo, anza na uji.

Kwa hiyo mama alipewa mgao wake, na mtoto wake. Alitakiwa kumpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito mbele ya sista, na aliyekosa aliweka mgao hatarini. Watoto walioachishwa ziwa walipewa chakula kilichopikwa, wale papo hapo mbele ya msimamizi, maana kampuni haikuwa na imani kwamba mzazi hatauza unga wa mwanawe au kuutia katika chungu cha wageni waliotoka kijijini. Walipofikia umri wa shule, daftari la mahudhurio likachukua nafasi ya mizani. Kantini, kliniki na darasa vikawa nyumba tatu za baba mmoja, na watu wa kambi wakatunga msemo ambao wazee wa Lubumbashi wanao hadi leo: kazi ndjo baba, kazi ndjo mama.

Mtu asiharakishe kucheka wala kusifu. Vifo vya watoto kambini vilishuka sana kati ya miaka ya 1920 na ya 1940, na mama aliyeona wanawe watano wanakua wote hakuhitaji somo la siasa kujua thamani ya kantini. Wala hila hiyo haikuwa ya Wabelgiji pekee. Uingereza ilipitisha sheria ya chakula cha shule mwaka 1906, baada ya vita vya Makaburu kufichua kwamba vijana wengi waliojitokeza kuandikishwa jeshini walikuwa dhaifu mno. Marekani ilipotunga sheria yake ya chakula cha mchana shuleni, mwaka 1946, iliandika waziwazi kwamba ni suala la usalama wa taifa. Serikali nyingi zimelisha watoto kwa sababu zilihitaji miili yao. Tofauti ni hii: Uingereza na Marekani sahani iliandikwa katika sheria ya nchi, mtoto akawa na la kudai hata baba yake asipokuwa na kazi. Katanga iliandikwa katika kadi ya kazi ya baba.

Kadi ikipotea, sahani inapotea nayo. Hilo lilionekana mapema. Bei ya shaba ilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, maelfu ya wafanyakazi walirudishwa makwao pamoja na familia zao, na mizani, uji na daftari la mtoto vikaishia hapo. Muongo mmoja baadaye vita vya Ulaya vilipandisha bei ya bidhaa huku mishahara ikibaki palepale. Wachimbaji wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira Élisabethville, wakaua makumi ya watu, akiwemo kiongozi wao, Léonard Mpoyi. Walidai mshahara, na nyuma ya mshahara kulikuwa na chungu.

Baada ya uhuru dola ilichukua migodi. Union Minière ikawa Gécomin mwaka 1967, kisha Gécamines, na baba mpya akarithi tabia za baba wa zamani: hospitali, shule, unga. Ilifika mahali Gécamines ikawa na tawi zima la kilimo na mifugo, kwa sababu kampuni ya shaba isiyojua bei ya mahindi haidumu Katanga. Hata Musoshi, jirani kabisa na Kasumbalesa, Wajapani waliofungua mgodi na kuanza kutoa shaba mwaka 1972 walijikuta wanajenga mji mzima wa wafanyakazi.

Kuanguka kwa Gécamines kulichukua miaka michache tu. Mgodi wake wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990. Kampuni, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miaka, na posho ikakatika. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia na kuitwa kuondoka kwa hiari. Kuhusu hiyo hiari, waulizwe walioondoka.

Wakati huohuo shule nayo ilimwelemea mzazi. Mishahara ya walimu iliposimama, tangu mwaka 1992 wazazi walianza kuwalipa walimu wenyewe, malipo yaliyoitwa prime. Mzazi akawa na madeni mawili, mwalimu na chungu, naye akapunguza chungu. Watu wa Kongo, ambao hawakosi neno, wakaazima msamiati wa shirika la umeme: délestage, yaani kukatiwa kwa zamu. Leo wanakula wadogo, kesho wakubwa.

Katika miaka hiyohiyo Kasumbalesa ilivimba. Kazi ilipokufa migodini, watu walishuka mpakani: wabadilisha fedha, wapagazi, madereva, na juu ya wote akina mama wanaovuka na kurudi na unga, mafuta na sukari, nusu gunia kichwani, nusu juu ya baiskeli ya kukodi. Kituo kidogo cha forodha kikawa mji. Wengi wa wakazi wake hawana mwajiri, hivyo hawajawahi kuwa na kadi. Wajukuu wa watoto waliopimwa uzito na masista wanaishi pamoja na watoto ambao koo zao hazikuwahi kuona kantini, na shuleni wote wako sawa: hakuna anayewalisha.

Kwa upande wa lishe, unga wenyewe una neno. Wa Zambia unakuja wa aina mbili zinazojulikana sana hapa, brekfasti na rola. Brekfasti ni mweupe, laini, umeondolewa pumba na kiini, na ndio wenye heshima mezani. Rola ni mzito na wa rangi ya kijivujivu, lakini umebakiza vitamini nyingi zaidi. Vyovyote vile, mahindi matupu hayamjengi mtoto, kwani protini yake ina upungufu wa lisini na triptofani, na maharage ndiyo yanayoziba pengo la lisini. Waliopanga posho walitia maharage na karanga kila wiki. Mama anayepanga kwa faranga za siku moja hununua unga kwanza, kisha sombe (kisamvu) au bitoyo (samaki wa chumvi) kidogo kwa ajili ya ladha, na maharage husubiri siku ya neema.

Tena unga huo una mlango mmoja. Zambia inapozuia mahindi yake yasitoke, kama ilivyofanya mara kadhaa katika miaka ya ukame, bei Lubumbashi hupaa ndani ya siku chache. Agosti 2024 ilifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa muda kwa sababu ya mvutano wa biashara ya vinywaji, bia na soda. Ugomvi wa chupa uliwagusa hata wasiokunywa.

Mwaka 2019 serikali ya Kinshasa ilianza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba: elimu ya msingi bure katika shule za umma. Watoto wakafurika na madawati yakajaa. Ilikuwa hatua kubwa kuliko zote tangu uhuru kwa upande wa shule, na ilisimama mlangoni mwa jiko. Mtoto anaandikishwa bila malipo, kisha anakaa hadi mchana bila kitu tumboni. Wataalamu wa lishe husema mlo wa shule ya nusu siku unafaa kumpa mtoto takribani theluthi moja ya nguvu anayohitaji kwa siku. Kwa vyakula vya hapa huo ni uji wa rola wenye karanga, au sahani ya bukari na maharage yenye mafuta ya mawese. Hakuna kitu humo ambacho Kasumbalesa haikijui.

Fedha nazo zina mahali pa kuanzia. Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaitaka kampuni ya uchimbaji kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake, yaani faranga tatu katika kila elfu, kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, na kusaini na jamii hizo orodha ya kazi itakazozifanya, ile inayoitwa cahier des charges. Katika wilaya ya Sakania, ambamo Kasumbalesa imo, kuna migodi kama Frontier na Kinsenda. Barabara, visima na madarasa huingia katika orodha za namna hiyo kwa urahisi, kwa sababu yanazinduliwa siku moja na picha inapigwa. Jiko la shule halizinduliwi mara moja likaisha. Linadai kuni, mpishi, ghala lisiloingia panya, na mtu wa kuhesabu magunia kila Jumatatu. Wazazi walioko katika kamati za shule, orodha hiyo itakapofunguliwa tena, waombe waisome kabla haijasainiwa, na watazame kama neno maharage limo.