Nafasi Tupu za Mendeleev

Mwaka 1869 Mrusi mmoja, Dmitri Mendeleev, alizipanga elementi 63 zilizojulikana kwa uzito wa atomu. Akaona tabia zinajirudia: unaanza na sodiamu inayofoka ikigusa maji, umetali unapungua hatua kwa hatua hadi klorini, kisha potasiamu inaanza upya.

Penye pengo hakupaziba. (Sisi waandishi chipukizi tungepaka maneno matamu!) Chini ya aluminiamu aliacha nafasi tupu, na 1871 akatangaza kitakachokaa hapo: metali ya kuyeyuka kwa moto mdogo, sentimita moja ya ujazo ikiwa na gramu 5.9 hivi.

Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata kwenye mawe ya zinki, akaiita galiamu. Akapima: gramu 4.7. Mendeleev, asiyeiona hata kwa jicho, akamwambia apime tena. Kiburi gani hicho, jamani? Mfaransa akaisafisha vizuri, akapima: 5.9. Na kweli, galiamu huyeyuka kiganjani, nyuzi 30 tu.

Teluriamu ndiyo iliyomkwamisha. Tabia zake zinaiweka kabla ya iodini, ingawa ni nzito zaidi. Jamaa akashikilia kuwa uzito umekosewa. Safari hii mizani ilikuwa sawa. Mwaka 1913 kijana Mwingereza, Henry Moseley, alionyesha kwa eksirei kwamba foleni hupangwa na chaji ya kiini cha atomu, si uzito. Agosti 1915 risasi ilimwua vitani Gallipoli, Uturuki. Alikuwa na miaka 27.