Boila Mpya, Mabomba ya Kale

Ndugu wanachama, sisi wa Busisi, tuliovuka kwa kivuko hadi daraja lilipofunguliwa Juni 2025, twajua thamani ya mtambo uliokaguliwa.

Meli ya mvuke, William Mackinnon, ilishushwa ziwani huko Kisumu mwaka 1900. Mafundi wa mvuke walikuwa na desturi moja: boila mpya ilipofungwa kwenye mabomba ya kale, hawakuwasha moto kwanza. Walijaza maji baridi, wakatoa hewa yote, wakayasukuma kwa pampu kupita kiasi cha kazi, kisha wakaitazama geji. Mshale ukishuka, pana tundu. Maji hayabanwi kama mvuke: bomba likipasuka, maji humwagika tu; mvuke ungeua. Mara nyingi kosa halikuwa la boila, bali la kutu iliyojificha bombani.

Ushirika nao ni vivyo hivyo. Shirikisho la Victoria liliundwa mwaka 1955 ili wakulima wauze pamba yao wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na Nyanza ikaundwa mwaka 1984. Kila mara uongozi mpya hufungwa kwenye desturi za kale.

Kwa hiyo, katika kutimiza miaka kumi, tunawaomba: kagueni mizani na vitabu vyetu kabla ya msimu. Tundu na lionekane sasa, fedha za mkulima zisijepotelea humo. Nasi viongozi tusikasirike tukipimwa.