Dunia ilijifunza kusoma kansa kwa watoto wetu. Mapafu yetu je?

Watu wangu, leo tuache siasa kidogo.

Hapa Kianjokoma mtu akikohoa miezi mitatu, sote tunasema ni TB. Akimaliza dawa na bado anakohoa, tunasema ni moshi wa jikoni ama baridi ya mlima. Neno kansa huja mwisho kabisa, na likija utasikia: "Lakini shosho hajawahi kugusa sigara, aliitoa wapi?"

Hilo swali ni zuri. Jibu lake lina historia, na kipande kikubwa cha hiyo historia kilianzia hapa Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1957, pale Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland anayeitwa Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akaona mwingine Jinja. 1958 akaandika kuhusu huo uvimbe. 1961 yeye na wenzake wawili wakaingia kwa gari kuukuu, wakaendesha kama kilomita 16,000 kuelekea Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmeona watoto kama hawa? Wakagundua ugonjwa unafuata joto na mvua. Kwa nyanda za juu zenye baridi ulikuwa nadra.

Vipande vya uvimbe vikaanza kupanda ndege. Kutoka Kampala vilienda London, na 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kirusi kipya walichokipata ndani yake. Kutoka Nairobi, daktari Peter Clifford alishirikiana na George Klein wa Stockholm. Huko Sweden ndiko Lore Zech na wenzake walionyesha, mwaka wa 1976, kwamba kwa seli za huu uvimbe kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika kikashikana na ya 14. 1982 ikajulikana kilichobebwa: jeni inayoitwa MYC, ambayo kazi yake ni kuambia seli igawanyike. Ilikuwa imehamishiwa kando ya swichi isiyozimwa. Ni kama mtu aunganishe stima kwako moja kwa moja, taa iwake usiku na mchana hadi nyumba ishike moto.

Sasa turudi kwa mapafu.

2004, watafiti wa Boston waligundua kwamba baadhi ya kansa za mapafu zina hitilafu kwa jeni ya EGFR, na hao ndio wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu kwa dawa fulani ya vidonge. 2007, Hiroyuki Mano na wenzake kule Japani wakapata nyingine: jeni ya ALK imekatika na kushikana na jirani yake. Mchezo ni uleule wa watoto wa Kampala na Nairobi! Aina hii ni nadra, kama wagonjwa 3 hadi 5 kwa kila 100 wenye adenokasinoma ya mapafu, na wengi wao hawajawahi kuvuta sigara. Dawa ya kuizima iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2011. Baadaye zikafuata dawa za ROS1 na RET, ambazo ni nadra zaidi.

Kwa hivyo "kansa ya mapafu" si ugonjwa mmoja. Ni magonjwa mengi yanayotumia jina moja, na bila kupima jeni za uvimbe, daktari hawezi kujua anapigana na upi.

Hapo ndipo mimi hukasirika. Kwa adenokasinoma, hitilafu ya EGFR hupatikana kwa karibu nusu ya wagonjwa wa Asia Mashariki, lakini kwa Wazungu ni kama 15 kwa 100. Namba hubadilika kulingana na watu. Huwezi kuazima namba ya Mjapani ukampa Muembu. Na utafiti mwingi umefanywa kwa watu wa huko. Sisi tuliotoa vipande vya kwanza, leo kipimo mara nyingi kinatumwa nje ya nchi, na familia inauza ng'ombe kulipia. Ukikosa ng'ombe, unapewa kemo ya kawaida na maombi.

Niliacha chuo, mimi si daktari. Lakini kusoma historia hakuhitaji digrii. Burkitt hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na macho, gari na maswali. Madaktari wetu wana macho pia; kinachokosekana ni serikali kulipia maabara za hapa kama inavyolipia barabara.

Kabla hilo lifike, mama zetu bado wanapika kwa kuni, na WHO kupitia shirika lake la kansa inasema yamkini huo moshi unaleta kansa. Kwa hivyo kama mzazi wako amemaliza dawa za TB na bado anakohoa, usikubali aongezwe dozi ya pili kwa kukisia. Uliza: makohozi yalipatikana na TB kweli? Je, kipande kitatolewa mapafuni kipimwe? Na wakisema ni kansa, uliza tena: ni ya aina gani, na jeni zimepimwa?

Uliza kwa heshima. Lakini usiondoke bila jibu.