Mgeni Asiyepewa Jembe: Somo kutoka Kwihara

Siku hizi wakulima wanahimizwa kupokea watalii mashambani: mgeni apewe nyumba, ajipikie, anunue mazao kwa mwenyeji, huku familia ikiendelea na kilimo chake. Wazo hili huelezwa kana kwamba ni jipya. Kwa anayetoka Cheyo kwenda Kwihara, mwendo wa kilomita chache tu, ni la zamani.

Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, mfanyabiashara Snay bin Amir aliwapokea. Walipewa nyumba ya kukaa, maana Musa Mzuri alikuwa safarini Karagwe. Msafiri wa zama hizo alikuja na mpishi wake, akanunua chakula kwa vitambaa na shanga. Februari 1872 Livingstone na Stanley waliingia Kwihara. Stanley aliondoka mwezi uliofuata. Livingstone alibaki hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Alifuga ng'ombe wa maziwa, hata akatengeneza jibini la safari.

Swali la kihistoria ni hili: nani alilima? Mashamba ya matajiri wa Kiarabu na Waswahili yalilimwa na watumwa. Nje ya mashamba hayo, nafaka iliyolisha misafara ilitoka pia kwa wakulima wa Kinyamwezi, ambao wanaume wao wengi walibeba mizigo hadi pwani na kurejea kulima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni wa Kwihara hakupewa jembe hata baada ya miezi sita, kwa sababu jembe lilikuwa mikononi mwa mtumwa.

Leo tembe la Kwihara ni makumbusho, nalo linaitwa kwa jina la Livingstone. Tumemkumbuka mgeni, tumemsahau aliyemlisha.

Sipingi utalii wa mashambani. Ninachodai ni kwamba maofisa wanaoupangia mikakati waanze na haki ya mwenyeji: ardhi ibaki mikononi mwa familia, bei ipangwe na familia, na simulizi litolewe na familia yenyewe. Bila hayo, tutakuwa tumekarabati tembe na kuurudisha mfumo wake wa zamani, ambamo mwenye jasho hana jina.